Tutengewe mahali pa kupeleka oili chafu Moshi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niufikishie uongozi wa Manispaa ya Moshi jambo linalotugusa sisi tunaotengeneza magari yetu wenyewe nyumbani, kwa mapenzi tu na si kwa biashara. Kila tumalizapo kazi hubaki oili chafu, mafuta ya breki, maji ya rejeta yenye kulanti (dawa ya kupozea injini) na thina iliyooshea brashi, nasi hatujui pa kuvipeleka.

Gari dogo likibadilishwa oili hutoa takribani lita 4. Naihifadhi katika dumu lenye kifuniko, mbali na vingine, kwa sababu ikichanganyika na thina au mafuta ya breki, hata mkusanyaji mwenye kibali anaweza kuikataa. Kulanti hunitia hofu zaidi: aghalabu ina ladha tamu, na mbwa au mtoto akiinywa yaweza kumharibu figo na kumuua. Lakini dumu likijaa, kila ninayemuuliza hunijibu nimwage, au nipake nguzo za uzio kuzuia mchwa. Ushauri huo ni mbaya, maana oili iliyotumika hubeba masizi na chembe za metali zilizosagika ndani ya injini, na masika huyasomba hayo yote. Mvua ikikatika, katika mtaro wa mtaani kwetu hutanda utando wa rangi za upinde wa mvua juu ya maji yanayoteremka bondeni, na huko bondeni maji ya mito ya Rau na Njoro ndiyo yanayonywesha mpunga wa Mabogini na Chekereni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadhibiti taka hatarishi, na NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Hilo ni jema, ila mwenye dumu moja hana ubavu wa kumwita mkusanyaji anayefuata mapipa kwenye gereji kubwa.

Mji wetu unasifika kwa usafi, nami naona fahari. Hata hivyo, usafi tunaousifu ni ule wa barabarani. Naiomba Manispaa itenge walau sehemu moja yenye paa na sakafu ya zege, iwe na mapipa tofauti ya oili na ya kulanti, na ifunguliwe hata siku moja kwa mwezi. Mabaki ya rangi tunaweza kuyakausha wenyewe kwa maranda. Ada ikiwekwa, mradi iwe ya wastani, mimi nitailipa.

Mpenzi wa magari ya zamani,
Moshi