Kabla hujanunua kiwanja cha uzeeni, kakae hapo masika yote

Mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi gazetini kwako maana jambo hili limenikaa moyoni na naona watu wetu wanazidi kuumia. Kaka yangu yuko Muscat mwaka wa 25 huu, umri umeshakwenda, anataka kurudi kupumzika, na kila akipiga simu swali lake ni hilo hilo, dada nijenge wapi, Unguja au Pemba, mjini au pwani? Na si yeye tu, wapo wenzake wa Dubai na wa London, na sisi tuliostaafu hapa hapa serikalini, ukifika 60 unakabidhiwa kiinua mgongo chako, haijapita wiki mbili dalali keshakupigia simu, sijui namba anaitoa wapi.

Jibu langu kwa wote ni moja, usinunue kitu Disemba. Panga chumba hapo unapopataka, ukae masika yote kuanzia Machi mpaka Mei, ikiwezekana uvuke mpaka Juni upepo wa kusi ukishakaza, halafu ndo uongee habari ya kiwanja. Nasema hivi kwa sababu mie sikufanya.

Nilikuwa mwalimu wa skuli, nimestaafu 2021, mume wangu ana sukari na anachoma insulini kila siku. Disemba ile ile tukaenda kuangalia viwanja pwani ya mashariki, kusini mwa Unguja. Nani asiyepapenda kule wakati ule? Mchanga kama unga wa sembe, maji ya kijani, kinamama wametoka na maji kupwa wanahangaikia mwani wao, upepo wa kaskazi unaingia mpaka chumbani. Dalali akatwambia hatua mia mbili tu uko baharini, na Wazungu wanapagombania, mkichelewa mtakuta pameshauzwa. Siku ya pili tukatoa arubuni milioni tatu. Mzee wangu alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu ujana wetu, akawa anachora chini kwa kijiti hapa baraza, hapa jiko, hapa nitapanda ndimu.

Mwezi wa nne tukapanga nyumba jirani ili tusimamie msingi. Siku ya kwanza mama mmoja wa pale, Mungu amjaalie kheri maana alitupokea kama ndugu, akatuletea chai ya maziwa. Nikaonja, ina chumvi. Nikadhani kakosea kopo, kumbe ndo maji ya kisima chao, na siku ile bomba lilikuwa halitoki. Nikanyamaza nikanywa. Baadae nikaenda kuoga, sabuni haitoi povu. Nyumba tuliyopanga ina miaka mitano tu, mjukuu wangu kashika nondo ya dirisha anataka kuchungulia nje, kipande kikamkatikia mkononi kama biskuti, kutu imekula mpaka ndani. Hiyo ndo pwani ya mashariki, kaskazi ikivuma inapiga na kusi ikivuma inapiga, chumvi haina likizo, na mtu wa pensheni hana pesa ya kubadilisha mabati na madirisha kila baada ya miaka michache.

Lakini hayo ya nyumba yanavumilika. Jirani zetu wengi kumbe si jirani, ni nyumba za wageni, masika zinafungwa, anabaki mlinzi na mbwa. Mnazi ukaangukia waya wa umeme, tukakaa siku mbili bila moto, friji limekufa, nikachukua chupa za insulini nikazifunga ndani ya mfuko wa plastiki nikazitumbukiza kwenye mtungi wa maji, nikawa nashika mtungi kila saa nisikie kama bado una baridi. Usiku wa pili, saa nane, sukari ya mzee ikashuka. Jasho linamtoka, ananiita jina la mama yake. Nje mvua, njia ya kutoka barabarani mpaka kwetu imekuwa ziwa, kituo cha afya cha karibu usiku hakina mtu, mjini ni zaidi ya kilomita 50. Nikakoroga sukari kwa maji yale yale ya chumvi nikamnywesha kijiko kijiko huku nasoma kila dua ninayoijua. Alfajiri akafumbua macho akaniuliza mbona unalia.

Kile kiwanja tukakiacha, na ilikuwa tukiache kwa vyovyote, kwa sababu tulipokwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ndo tukaambiwa kuna binamu wa muuzaji yuko Dar ana sehemu yake na hajaulizwa, na minazi minne iliyomo ni ya bibi mwengine kabisa. Hapa nawaomba diaspora mnisikilize vizuri maana huko mliko mmezoea mambo mengine. Kwa sheria ya ardhi ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya Serikali, unachopata wewe ni haki ya kuitumia, na kwa mila zetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine. Juu ya hayo kuna zile eka tatu tatu walizopewa wazee baada ya Mapinduzi, ambazo leo zinakatwa vipande vinauzwa na wajukuu bila ya wenzao kujua. Kwa hiyo usimuulize dalali, nenda kwa sheha, nenda ofisi ya ardhi, kaa barazani na wazee wa mtaa uulize shamba hili la nani na miti hii kaipanda nani. Arubuni yetu tulirudishiwa nusu, nusu ikapotea, na sijaacha kuumia.

Tukarudi Pemba nilikozaliwa, na safari hii tukapanga kwanza. Vyumba viwili Wete, juu mlimani, bahari unaiona kwa mbali huko chini bandarini na kwangu mie hiyo inatosha. Tulihamia Februari, masika ikatukuta humo humo ndani. Ikanyesha, na Pemba ikinyesha unaijua, lakini maji yanateremka mlimani yanakwenda zake. Mzee anakwenda msikitini kwa miguu, anakwenda sokoni kwa miguu, hospitali ipo hapo hapo mjini. Siku moja hakuonekana msikitini sala mbili tu, magharibi watu watatu wako mlangoni wanauliza vipi, mzima? Nikakumbuka usiku ule kule pwani, nikaingia ndani nikalia peke yangu.

Sisemi Pemba ni pepo, nitakuwa nawadanganya. Umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tunao tangu 2010 na ni afadhali mara mia kuliko majenereta ya zamani, ila unakatika nao, siku ukinunua tukuza, ule umeme wa kulipia kabla, usidhani ndo umemaliza. Na ukitakiwa uende kwa daktari bingwa mara nyingi ni hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja mjini, maana yake uvuke, na kuvuka bahari ya baina ya Pemba na Unguja wakati wa kusi na mgonjwa wa miaka 65 si jambo dogo, watu wanatapika toka Mkoani mpaka Unguja, na sisi tulioishi Septemba 2011 ile meli ilivyozama na watu wetu usiku hatupandi chombo bila ya moyo kwenda mbio. Ndege ipo Chake lakini pesa yake si ya pensheni. Kwa hiyo kama una maradhi yanayotaka bingwa kila mwezi, mie mwenyewe ningekwambia baki Unguja, tafuta nyumba ya ndani ndani, Fuoni au popote ambapo gari za abiria zinapita mpaka usiku, pwani uende Jumapili na wajukuu.

Na hata Pemba usikimbilie ufukwe. Nendeni Kisiwa Panza mkaangalie mabonde ya mpunga yalivyoingiliwa na maji ya bahari, wazee wa pale wanakuonesha kwa kidole hapa tulikuwa tunavuna, leo udongo mweupe wa chumvi.

Serikali nayo nina ombi kwake, kwa heshima zote. Tunashukuru pensheni jamii iliyoanza 2016 kwa wazee wa miaka 70, imewafaa wengi wasiokuwa na chochote. Lakini semina tunazofanyiwa kabla ya kustaafu zote ni biashara, fuga kuku, fungua duka. Mwiteni na mtu wa ardhi, mwiteni na daktari atwambie mwenye presha na mwenye sukari anatakiwa aishi umbali gani na hospitali. Mtu anashika pesa za miaka 35 ya kazi siku moja, na hajui aulize nini.

Kaka yangu nshamjibu. Nimempatia chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu, kodi ya kuanzia Machi mpaka Juni nshailipa mie mwenyewe, na mzee wangu kamwambia aje na mwavuli madhubuti na dawa zake zote za presha. Akishakaa, akiumwa akapona hapa hapa, akajua maji yanatoka saa ngapi na nani atamgongea mlango, tutakwenda wote kwa sheha.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba