Mpango wa kunyanyua mizigo uandikwe kabla kreni haijafika mtaani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumzie jambo linalogusa usalama wa mafundi wetu na wa wapita njia, nalo ni namna tunavyonyanyua mizigo mizito kwa kreni katika miradi ya ujenzi ya Unguja na Pemba. Katika miaka hii michache tumeona madaraja ya juu yakijengwa Mwanakwerekwe na Amani, uwanja wa Amaan ukikarabatiwa na majengo ya ghorofa yakiinuka Fumba na kwengineko, na kazi za aina hiyo haziendi bila ya kreni. Sina ugomvi na mashine hizo, kwani nimefanya kazi chini yake kwa miaka mingi nikiwa mfungaji wa mizigo na mtoa ishara. Ninaloliomba kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ni kwamba kila kazi ya kunyanyua mzigo mzito iwe na mpango ulioandikwa na kusainiwa na mtu mwenye utaalamu, na mpango huo uwe sharti la kibali cha ujenzi, sawa na ilivyo michoro ya nyumba.

Nieleze kwa nini. Katika maeneo mengi ya kazi kreni hutajwa kwa namba iliyoandikwa ubavuni, kana kwamba namba hiyo ndiyo uwezo wake popote itakaposimama. Kreni ya tani 50 hunyanyua tani 50 pale tu mkono wake unapokuwa mfupi na mzigo uko karibu nayo kabisa, kiasi cha mita 3 kutoka kwenye kitovu chake. Mzigo huo ukitakiwa kupelekwa umbali wa mita 20, kwa kawaida uwezo uliobaki haufiki hata sehemu ya tano. Ndiyo maana kila kreni hutoka kiwandani na jedwali la uwezo wake kwa kila umbali, na opereta anayelifahamu hawezi kukubali kazi kabla hajaambiwa mzigo una uzito gani na utatua wapi. Uzito nao usikisiwe kwa macho. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina takriban tani 2.5, kwa hiyo kipande cha sakafu chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na unene wa sentimita 20 kinakaribia tani 6, na hapo bado hatujaongeza ndoano, minyororo na mikanda, ambayo yote huhesabiwa kuwa ni mzigo.

Upande wa ufungaji ndio ninaoujua zaidi, na ndio unaonitia wasiwasi. Mikanda miwili ikinyanyua tani 10 ikiwa imesimama wima, kila mmoja hubeba tani 5. Ikitanuliwa hadi kila mmoja ukafanya pembe ya nyuzi 45 na mlalo, kila mkanda hubeba zaidi ya tani 7, na ikilala hadi nyuzi 30 kila mmoja hubeba tani 10 kamili, ingawa mzigo haujaongezeka hata kilo moja. Fundi asiyefundishwa hili huona mikanda mifupi kuwa ni sawa tu na mirefu, mradi inafika. Tarehe 15 Machi 2008 kreni ya mnara ilianguka mjini New York na kuua watu 7. Uchunguzi ulionyesha kwamba mikanda iliyokuwa ikishikilia kola nzito ya chuma, yaani pete ya kuifungia kreni kwenye jengo, wakati kreni ikirefushwa ilikatika, na mmoja wao ulikuwa tayari umechakaa. Mkanda uliofumuka uzi au ulioungua kwa cheche za kuchomelea hauna matengenezo: hukatwa vipande hapo hapo, ili asije mtu akauokota jioni akautumia kwa kazi nyengine. Kwetu nimeona mkanda wa namna hiyo ukipigwa fundo na kurudishwa kazini, na fundo peke yake hupunguza sana nguvu ya mkanda uliokuwa mzima, seuze uliochakaa.

Kisha kuna ardhi, ambayo kwa hapa kwetu inastahili maneno zaidi. Kreni ya magurudumu inaponyanyua husimama juu ya miguu yake minne ya chuma, lakini uzito haugawiki sawa kwa sawa, kwani mkono ukielekea pembeni mguu mmoja huweza kubeba zaidi ya nusu ya uzito wote wa kreni na mzigo. Chukua mguu uliobeba tani 30 ukiwa juu ya kibao cha nusu mita kwa nusu mita. Ardhi chini yake inakandamizwa kwa kiwango cha tani 120 kwa kila mita ya mraba. Ukiweka chini yake jukwaa imara la mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, mkandamizo huo hushuka hadi kiasi cha tani 13. Tofauti hiyo huletwa na mbao nzito au bamba la chuma, vitu ambavyo bei yake haifiki popote ukilinganisha na kreni yenyewe.

Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe ambalo juu huonekana gumu na chini lina mapango. Sehemu za Darajani zilikuwa mkono wa bahari kabla ya kufukiwa. Mitaa ya Ng'ambo imejaa makaro ya zamani na visima vilivyofunikwa, ambavyo havimo katika ramani yoyote aliyonayo mkandarasi. Hivi karibuni nilipita penye ujenzi mmoja mjini, nikaona mguu wa kreni umetuliwa juu ya vipande viwili vya mbao za jukwaa, na ukingo wa mbao hizo umekalia mfuniko wa karo. Zege la mfuniko lilikuwa limeshapasuka ufa mwembamba kutoka pembe hadi pembe, nao vijana wakiendelea kuelekeza mzigo juu kwa mikono. Nilimwita msimamizi, akasimamisha kazi na kreni ikasogezwa, jambo ninalomshukuru. Hata hivyo, mwenye nyumba ya jirani angeulizwa tangu asubuhi, angewaonesha karo lake liko wapi. Pemba nako hali ni yake, kwa vile udongo wa vilima na mabonde baada ya masika hunywa maji ukalainika, na mahali palipobeba kreni mwezi Februari pasidhaniwe kuwa patabeba mwezi Mei.

Kwa Mji Mkongwe nina rai ya ziada. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sote tunakumbuka tarehe 25 Disemba 2020, pale sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib ilipoporomoka wakati wa matengenezo na kuua watu wawili. Sisemi kwamba kreni ndiyo iliyosababisha. Nasema kwamba ukuta wa aina hiyo hauhitaji kugongwa kwa nguvu na mzigo unaoyumba ili uanguke, na kwa hiyo katika vichochoro vile mzigo ushikwe kwa kamba za kuuongoza tangu unapoacha ardhi hadi unapotua.

Upepo nao watu wa visiwani tunaujua, lakini katika maeneo ya ujenzi tunauchukulia kama usumbufu mdogo. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake, kwani kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Bati pana au kalibu ya kumwagia zege huwa tanga likiwa hewani, na wakati wa kusi huweza kuivuta kreni kwa pembeni, upande ambao mkono wake haukuundwa kubeba. Hatari haiishi kazi inapositishwa. Waislamu wengi wanakumbuka Ijumaa ya tarehe 11 Septemba 2015, siku chache kabla ya Hija, kreni ilipoangukia Msikiti Mtukufu wa Makka katika dhoruba na kuua watu zaidi ya 100. Kreni hiyo haikuwa ikinyanyua kitu, na uchunguzi ulibaini kwamba mkono wake uliachwa umeinuliwa kinyume na maelekezo ya mtengenezaji. Kwa hiyo mpango ninaouomba useme wazi ni kasi gani ya upepo itasimamisha kazi, nani ataipima kwa chombo, na kreni italazwa vipi usiku.

Sheria si kwamba hatuna. Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya 2005, na Mkataba Namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unataka vifaa vya kunyanyulia vikaguliwe na kujaribiwa na watu wenye ujuzi na viendeshwe na waliofunzwa. Uingereza, kwa kanuni zake za mwaka 1998, inataka kila unyanyuaji upangwe na mtu mwenye ujuzi, na vifaa kama mikanda na minyororo vikaguliwe kwa kina kila baada ya miezi 6. Sisi tunaweza kuanza na kurasa mbili tu kwa kila kazi: uzito wa mzigo, umbali wake, pembe ya mikanda, hali ya ardhi chini ya kila mguu, kikomo cha upepo, na jina la mtu mmoja anayetoa ishara na mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi bila kuogopa kukatwa mshahara. Hilo la mwisho nalisisitiza, kwa sababu nimeona opereta akipewa ishara na watu watatu kwa wakati mmoja, mmoja wao akiwa tajiri mwenye jengo.

Mafunzo yafuatane na sharti hilo. Vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji vinaweza kupewa kozi fupi ya ufungaji wa mizigo na ishara za mikono, kwa kuwa kazi hii kwa sasa vijana huirithi kwa kutazama, na pamoja na ustadi hurithi pia makosa. Ombi langu la mwisho ni kwa Mabaraza ya Manispaa na Halmashauri: nakala ya mpango ipelekwe kwa sheha wa shehia husika angalau siku mbili kabla ya kreni kuingia, ili awaulize wenyeji makaro na visima viko wapi, na njia ya watoto wa skuli ifungwe kwa saa ambazo mzigo utakuwa juu.

Fundi mstaafu,
Mwembetanga, Unguja.