Kila Msomaji na Kitabu Chake: Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha wasomaji inamtaka mwenyekiti asome taarifa ya mwaka kabla ya uchaguzi, nadhani ili mjue mnamhukumu kwa lipi. Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba yamekaguliwa na chama hakidaiwi. Mikutano ya kila mwezi ilifanyika yote isipokuwa mmoja, ulioahirishwa kwa sababu wengi wetu, nami nikiwemo, hatukuwa tumemaliza kitabu. Muda uliobaki nauomba kwa jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima: dawati letu la ushauri wa vitabu.

Mnakumbuka tulivyolianzisha. Tulikubaliana kwamba yeyote anayetafuta kitabu kinachogusa maisha yake aje aeleze hali yake, nasi tumtafutie. Tukaandaa fomu yenye nafasi za umri, kazi, hali ya familia na jambo analopitia. Fomu hiyo niliibuni mimi, na niliiona nzuri sana. Lakini tangu miezi ya mwanzo daftari la kuazimishia lilinionyesha kitu ambacho sikutaka kukiona: vitabu vilikuwa vinarudi upesi mno. Kitabu kinachorudi baada ya siku mbili ama kimemezwa ama kimetemwa, na hivi vilikuwa vimetemwa.

Mwanachama mmoja ameniruhusu nisimulie kisa chake bila kumtaja. Anamuuguza baba yake, ambaye kumbukumbu zinampotea. Alijaza fomu, nasi tukamrundikia mwongozo wa kuuguza, riwaya mbili zenye wazee waliosahau majina ya watoto wao, na tawasifu ya mtu aliyemuuguza mama yake hadi mwisho. Akavirudisha vyote kwa mpigo. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mwenyekiti, hayo ninayo nyumbani usiku na mchana. Mmeniongezea." Sikuwa na la kusema.

Wiki kadhaa baadaye nikamkuta amezama katika kitabu ambacho hakuna hata mmoja wetu angempa. Ni masimulizi ya wapima ramani waliotumwa kuchora mdomo wa mto mkubwa, mahali ambapo mchanga huhama na visiwa huzuka na kumezwa, hata ramani ya juzi ikawa hatari kwa mabaharia. Watu wale walipima, wakachora, waliporudi wakakuta mto umehama, wakaanza upya, wala hawakuukasirikia mto. Alikiokota kwenye meza ya vilivyorudishwa kwa kupenda picha ya jalada. "Hiki ndicho cha baba," aliniambia.

Wahenga wanasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Fomu yangu iliuliza kaburi liko upande gani, ikaishia hapo.

Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, mwalimu Mmarekani wa fasihi ya watoto, aliandika kwamba vitabu huweza kuwa madirisha, milango na vioo, na kwamba mtoto asiyejiona katika vitabu anavyosoma hujifunza jambo baya kuhusu thamani yake katika jamii. Hilo silipingi hata kidogo. Aliyesoma miaka yote ya utoto wake bila kukutana kitabuni na mtu wa sura yake, lugha yake au ulemavu wake anajua uzito wa maneno hayo. Ila sisi kamati tuliuelewa mfano wa kioo kama wapiga picha za pasipoti: uso mzima, kutoka mbele, masikio yote mawili yaonekane. Wakati mwingine mtu hujitambua kwa kumwona mwingine akitembea mbali, kwa mgongo tu.

Baadhi yenu mlipendekeza tupange rafu zetu kwa mada za maisha. Tulijaribu, tukagundua kwa nini wakutubi huwa hawana haraka na jambo hilo. Mfumo wa Melvil Dewey wa kupanga vitabu vya maktaba, uliotolewa mwaka 1876, hukipa kila kitabu namba moja, maana nakala moja haiwezi kukaa rafu mbili. Matokeo yake, msiba mmoja umetawanyika jengo zima: saikolojia ya kifo na kufiwa iko 155.937, desturi za mazishi ziko 393, na riwaya ya mtu aliyefiwa iko kwenye mia nane, namba za fasihi, ikifuata lugha iliyoandikwa kwanza, haidhuru inahusu nini. Humo kwenye mia nane Kiingereza kina 820 yake peke yake na Kifaransa kina 840, ilhali Kiswahili kimo ndani ya 896 pamoja na lugha nyingine nyingi za Afrika, chini ya 890 ya fasihi nyinginezo. Mtu anaweza kununa kwa hilo, na mimi nilinuna kidogo. Lakini namba ni anwani ya kitabu tu, na tulikosea kuitarajia itutambulishe kwa mwenye nyumba.

Kuna na tatizo la maneno. Katalogi hujibu kwa lugha ya aliyeiandaa. Anayetafuta huja na "baba hanijui tena", wakati kadi imeandikwa "Wazee: Matunzo". Hawa wawili watapishana mlangoni siku nzima. Dawa tuliyoipata ni karatasi. Ndani ya kila kitabu chetu sasa kuna karatasi ndogo, na kila anayekimaliza huandika mstari mmoja kwa atakayefuata. Nimezipitia nyingi. Moja inasema, "Kinafaa usiku wa kukosa usingizi." Nyingine, "Mwanzo unachosha, vumilia harusi ipite." Ninayoipenda kuliko zote iko kwenye riwaya moja nene: "Sura ya saba iruke kama umefiwa karibuni, utairudia mwakani." Sijaona muhtasari wa mchapishaji uliomjali msomaji kiasi hicho.

Fomu tumeifuta. Badala yake mshauri wa zamu anauliza swali moja: nisimulie kitabu cha mwisho kilichokuchelewesha kulala. Kisha ananyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikotushinda kujifunza. Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani, hufundisha kwamba msomaji huingia kitabuni kwa milango minne: kisa, wahusika, mahali na lugha. Ukisikiliza vizuri mtu hukuonyesha mlango wake mwenyewe bila kujua. Anayesema "nilitaka kujua yule aliishia wapi" amepitia kisa. Anayesema "yule mama bado namuwaza" amepitia wahusika. Mwingine ataeleza ukungu na vilima kana kwamba alizaliwa huko, na mwingine atakutajia sentensi kwa moyo. Mstaafu mmoja tuliyekuwa tukimlisha vitabu vya kustaafu alionekana, baada ya dakika kumi za mazungumzo, kuwa mtu wa lugha mtupu. Tukampa diwani ya mashairi. Hajairudisha hadi leo, na nimemwomba katibu asimkumbushe.

Kutoka kwa Pearl huyo huyo tumechukua kanuni ya kurasa 50: kama kufikia hapo kitabu hakijakushika, kiache bila aibu. Aliyepita miaka 50 anatoa umri wake kutoka 100, na jibu ndilo idadi ya kurasa anazodaiwa. Mzee wetu wa miaka 80 amezipokea kurasa 20 zake kwa furaha ambayo nadhani imepita kiasi.

Mmeniuliza mara nyingi kuhusu programu za simu zinazopendekeza vitabu. Zitumieni. Zinafanya kazi kwa kulinganisha: waliosoma hiki walisoma pia kile. Hesabu hiyo inahitaji wasomaji wengi ndipo iseme kitu, kwa hiyo kitabu kipya, au cha lugha yenye wasomaji wachache mtandaoni, hubaki gizani hata kiwe kizuri vipi. Tena programu inajua ulinunua, haijui kwa nini. Nilimnunulia mpwa wangu kitabu cha madinosauri, na tangu siku hiyo naletewa madinosauri.

Sasa niseme lililoniumiza. Katikati ya mwaka, jambo ambalo mwanachama alilisema kwenye dawati letu akiwa anatafuta kitabu lilisikika nje ya chumba hiki. Aliyelitoa amekiri na ameomba radhi, na mimi nimeomba radhi kwa niaba ya kamati. Wakutubi wana mwiko wa muda mrefu: anachosoma mtu ni siri yake. Sisi tulikuwa na zaidi ya anachosoma, tulikuwa na sababu ya kukisoma, tena kwa maandishi. Fomu zote za zamani zimechanwa mbele ya wajumbe. Daftari la kuazimishia sasa linaonyesha kilichoko nje tu. Kitabu kikirudi, jina linafutwa.

Kwa wenzetu wasioona, mwaka huu tumechelewa, na sina kisingizio. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, unazitaka nchi zilizouridhia ziruhusu vitabu kutengenezewa nakala za nukta nundu, sauti au maandishi makubwa bila kumwomba kwanza ruhusa mwenye hakimiliki, na ziruhusu nakala hizo kuvuka mipaka. Njia ya kupata vitabu hivyo ipo kisheria. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika barua. Kamati ijayo naiomba imteue mtu huyo kwenye kikao chake cha kwanza.

Dogo jingine: mkiagiza kitabu andikeni ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, zile tarakimu 13, wala msitaje jina pekee. Kila toleo lina yake, la karatasi, la sauti, lililofupishwa. Tuliwahi kusubiri riwaya kwa hamu ikaja iliyofupishwa kwa ajili ya shule, na mhusika aliyependwa na nusu ya chama hakuwemo kabisa.

Mwaka 1931 mkutubi wa India S. R. Ranganathan, aliyeanza kazi kama mwalimu wa hisabati, aliweka sheria tano za ukutubi. Ya pili inadai kila msomaji apate kitabu chake, na ya tatu kila kitabu kipate msomaji wake. Ya pili tumeihangaikia. Ya tatu hatujaigusa: kwenye rafu ya chini kabisa, upande wa dirisha, kuna vitabu ambavyo karatasi zake bado ni nyeupe. Napendekeza kwamba mwaka ujao kila mwanachama achukue kimoja, akipe kurasa zake anazodaiwa, na aandike mstari mmoja, hata uwe wa kukikataa. Pendekezo hili litapigiwa kura baada ya taarifa ya mweka hazina.

Orodha ya vitabu vilivyopitiliza muda, viwili vikiwa vyangu, imebandikwa mlangoni.

Mwenyekiti