Sahani mbili za pipi

Mwanga, Kigoma

Mwalimu, rafiki yangu,

Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo Ujiji. Umeuliza kama mtoto huzaliwa na utu au hufundishwa. Kwa ninavyoona, inategemea unamuuliza mtoto wa umri gani.

Kusaidia huanza mapema mno. Huko Leipzig, Ujerumani, katika utafiti uliotolewa mwaka 2006, watoto wa miezi 18 walimwokotea mtu mzima kitu kilichomdondoka bila kuahidiwa chochote. Hata sokwe wa Gombe akishika mbega humegea wenzake nyama, japo mara nyingi mpaka wamsumbue.

Kutoa kilicho chako ni jambo jingine. Uswisi, mwaka 2008, watoto walichagua: pipi 1 kwako na 1 kwa mwenzako, au 2 kwako naye akose. Wa miaka 3 hadi 4 waliogawa hawakufika mmoja kati ya kumi. Wa miaka 7 hadi 8 walikaribia nusu. Baadaye uchaguzi wa namna hiyo ulifanywa katika jamii 6, wakiwemo Wahimba wa Namibia na watu wa Fiji. Wadogo walifanana kila mahali. Walipokaribia ujana, kila kundi likafuata watu wazima wake. Hapo mimi nauona mkono wa jamii waziwazi.

Unaweza kulifanya jaribio hili la pipi hapo shuleni, wazazi wakikubali. Weka sahani mbili, moja ya kila chaguo, mtoto aingie peke yake, na mwenzake awe mtoto wa darasa lake asiyetajwa jina. Kabla hajachagua muulize: "Ukichukua hii, wewe utapata ngapi? Mwenzako je?" Akikosea, eleza upya, la sivyo utakuwa unapima hesabu. Badilisha upande wa sahani kila mtoto, maana wadogo hushika iliyo karibu na mkono. Fanya baada ya uji, njaa isije ikachagua kwa niaba yao. Aliyemaliza atokee mlango mwingine, vinginevyo foleni nzima itajua.

La muhimu kuliko yote: wewe usiwepo. Mbele ya mwalimu wao watagawa wote, na utakuwa umepima heshima kwako tu. Mpe kazi hiyo mtu wasiyemjua, ageuke wakati wa kuchagua. Tafuta angalau watoto 20 kwa kila umri. Watano hawatoshi kusema lolote. Na pipi ya mwenzake imfikie kweli siku hiyohiyo, kwani wakigundua hakupewa, hawatakuamini tena.

Niandikie utakachokiona.

Rafiki yako