Kabla ya kumlaumu karani, tuitazame skrini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni kwamba foleni na makosa katika vyama vya akiba na mikopo vinatokana na makarani wasiotaka kujifunza kompyuta. Mimi ni mhasibu wa SACCOS moja mkoani Morogoro, kazi niliyoianza wakati leja zikiwa bado za karatasi, na siandiki kuwatetea wavivu, kwa maana wapo na nimefanya nao kazi. Ninachokipinga ni desturi ya kumlaumu aliyekaa mbele ya skrini bila mtu yeyote kwenda kuitazama skrini yenyewe.

Katika leja ya zamani kila mwanachama alikuwa na ukurasa wake, jina likiwa juu, na chini yake safu za tarehe, hisa, akiba, mkopo, riba na salio. Mzee akifika dirishani kuuliza deni lake, nilifungua ukurasa wake na kuteremsha kidole hadi mstari wa mwisho. Programu tunayoitumia sasa, karani akitaka kupokea rejesho la mkopo, humfungulia ukurasa wenye visanduku 34. Nimevihesabu mwenyewe. Tunavyovihitaji kila siku ni sita. Vilivyobaki vinauliza namba ya tawi, ilhali hatuna tawi la pili. Aina ya sarafu, ilhali hatujawahi kupokea kitu kingine zaidi ya shilingi. Na mambo mengine ambayo hata fundi aliyekuja kutufundisha alituambia tuyaruke. Kisanduku cha kiasi cha fedha kipo chini kabisa, na ukishuka kukifikia, jina la mwanachama lililo juu linatoweka, hivyo karani huandika fedha za watu bila kuona ni za nani.

Mwaka jana mama mmoja anayeuza nyanya sokoni alileta rejesho lake la mwezi, kamili na kwa wakati. Programu ile ina tabia ya kuingiza fedha zote kwenye akiba iwapo karani hakuweka tiki mahali pawili, pa deni la msingi na pa riba, na sehemu hizo mbili hazikukaa pamoja. Karani aliweka tiki moja, foleni ikiwa imefika nje ya mlango. Fedha zikaenda kwenye akiba, mkopo ukahesabiwa kuwa umechelewa, na ujumbe wa simu ukatumwa kwa wadhamini, mmoja wao akiwa shemeji yake. Mama yule alikuja ameshika stakabadhi yetu yenye mhuri wetu, hakupiga kelele, akauliza tu kwa nini tumemwaibisha. Karani alipewa barua ya onyo. Niliyeitia saini ni mimi, na leo nisingeitia.

Msomaji asidhani haya ni matatizo ya vyama vidogo vyenye kompyuta kuukuu. Mwezi Agosti 2020, Citibank ya Marekani ilikusudia kuwalipa wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon riba ya takribani dola milioni 7.8, ikajikuta imewatumia zaidi ya dola milioni 890 za kwake yenyewe. Ili fedha za deni la msingi zibaki kwenye akaunti ya ndani ya benki, ilibidi visanduku vitatu vijazwe. Kikajazwa kimoja, kile kilichotaja deni la msingi, kwa sababu kwa akili ya kawaida ndicho kilichoonekana kuhusika. Watu watatu waliupitia muamala ule na wote wakauona sawa. Programu ilitoa tahadhari kwamba fedha zitatoka nje ya benki, lakini haikusema ni kiasi gani, na kwa kuwa riba nayo ilikuwa inatoka nje, tahadhari ile haikumshtua mtu. Takribani dola milioni 500 hazikurudishwa na waliozipokea, kesi ikaenda mahakamani, benki ikashindwa mwaka 2021, na rufani ikaipa ushindi Septemba 2022. Kama macho sita ya watu wa benki kubwa namna ile hayakuona, karani wetu mmoja mwenye foleni mbele yake angeona nini?

Larry Tesler, yule mtaalamu ambaye kukata, kunakili na kubandika maandishi kwenye kompyuta kunahusishwa sana na jina lake, alikuwa na hoja kwamba kila programu ina kiasi fulani cha ugumu kisichoweza kuondolewa, na linalobaki ni kuamua nani aubebe: mtengenezaji, mara moja, au mtumiaji, kila siku. Programu yetu inajua kwamba tuna tawi moja. Inajua kiwango cha riba cha kila mkopo na tarehe ya rejesho la mwisho. Kugawa fedha kati ya msingi na riba ni hesabu ambayo ingeifanya yenyewe, kisha imwonyeshe karani matokeo kwa sentensi moja yenye jina la mwanachama, kiasi, na mahali fedha zinapokwenda, kabla hajabonyeza kitufe.

Wala sisemi taarifa zifichwe. Wapo wauzaji ambao wakisikia malalamiko kama haya hukimbilia kupunguza kila kitu, wakabakiza picha tatu kubwa za rangi, na mhasibu akitaka historia ya mkopo wa miaka mitatu anapitia kurasa saba kuitafuta. Mwaka 1996 Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland alipendekeza utaratibu ambao mimi nauona ni ule ule wa leja: kwanza mtu aone picha nzima, kisha achuje anachokihitaji, halafu undani uje anapouomba. Visanduku vyetu 28 visivyotumika vingeweza kubaki nyuma ya kitufe kimoja, na siku tukifungua tawi la pili tukavifungua.

Kuna pia suala la lugha. Programu yetu ina Kiswahili, na tulifurahi ilipoletwa. Lakini aliyetafsiri alipewa, nadhani, orodha ya maneno bila kuonyeshwa yanakokaa, kwa maana neno “Futa” limetumika pale pa kuondoa kumbukumbu na pale pa kughairi. Matokeo yake, ukibonyeza kimakosa unaulizwa, “Je, unataka kufuta muamala huu?” na chini yake kuna vitufe viwili: “Sawa” na “Futa”. Anayetaka muamala wake ubaki abonyeze kipi? Makarani wangu wamejifunza kuzima kompyuta.

Ombi langu kwa bodi za vyama vinavyojiandaa kununua programu ni kwamba zisiridhike na maonyesho ya muuzaji ukumbini, ambako kila kitu hufanywa na kijana aliyeitengeneza. Mkalisheni karani wenu mbele ya programu hiyo siku ya mwisho wa mwezi, mpeni kazi halisi, kupokea rejesho, kurekebisha kosa, kutoa taarifa ya mwanachama, na muuzaji asimame nyuma yake akiwa amefunga mdomo. Kila mahali karani atakaposita paandikwe, na marekebisho yake yawe sehemu ya mkataba kabla fedha hazijalipwa. Sisi hatukufanya hivyo. Tulilipa kwanza, na tulipolalamika tuliahidiwa kwamba toleo jipya litatatua yote. Limefika wiki iliyopita; ukurasa wa kupokea rejesho sasa una visanduku 38.

Mhasibu,
Morogoro