Barua ya wazi kwa wajukuu zangu mnaoanza Mlimani mwaka huu

Wajukuu zangu hamjambo. Najua wengine saa hizi ndo mnashuka stendi ya Mbezi, mama kakufungia karanga na unga na dumu la mafuta, jua linawaka, konda anakwambia hilo begi nalo lilipiwe nauli. Karibuni sana. Mimi ni mzee tu nimestaafu, miaka 31 nilikuwa napanga vitabu maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sio profesa, digrii sina, ila wenzenu nimewaona wakiingia na kutoka makundi kwa makundi na kuna kitu kinaniuma nikaona niwaandikie mapema kabla hamjazoea.

Chenyewe ni hiki: wengi mnaingia chuo kikuu afu mnaendelea kusoma sekondari. Unatoka hosteli unaenda Yombo kwenye kumbi za mihadhara, unaandika anachosema lekchara, jioni unakaa kimbweta, yale meza ya nje ya kusomea, na desa la mwaka juzi, yaani notsi za kunakili, unapiga msuli wiki mbili, unafanya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ukipata sapu, yaani kurudia mtihani, unalia ukifaulu unacheka, miaka mitatu imekatika na chuo hujakiona.

Hicho chuo ni kipi sasa? Kilianza Oktoba 1961, Tanganyika haijapata hata uhuru wake, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja tu cha sheria, wanafunzi hata 20 hawafiki, chini ya Chuo Kikuu cha London. 1964 wakahamia huku kilimani. Miaka ile Makerere, Nairobi na Dar walikuwa chuo kimoja cha Afrika Mashariki, mpaka 1970 kila mtu akashika njia yake na Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wa Chuo cha kwetu. Kimezaa pia. Muhimbili ilikuwa kitivo chake, Sokoine ya Morogoro ilikuwa kitivo chake, Ardhi imelelewa hapo, vyuo vishiriki vya elimu DUCE na MUCE viko nacho mpaka leo. Kwaiyo ukisikia mtu wa Sokoine anawatania mvumilieni, ni ndugu.

Lakini sio historia niliyotaka kuwaambia, historia mtasoma. Ninachotaka mjue ni kwamba huyo lekchara anayeingia darasani dakika hamsini ana kazi nyingine ambayo nyie hamuioni, na hiyo ndo inafanya pale paitwe chuo kikuu. Kuna watu wa chuo hicho wako Zanzibar, Taasisi ya Sayansi za Bahari, huko Dk. Flower Msuya kafanya kazi miaka na miaka na kina mama wanaolima mwani, kwa sababu maji ya pwani yamepata joto na ule mwani wenye bei nzuri ukawa unakufa, ikabidi watafute namna ya kuulima kwenye maji ya kina. Mwanafunzi wa uchumi atakwambia hiyo ni ya watu wa baiolojia. Eti! Bei ya mwani nani anaijua, samaki? Kuna TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya chuo, zamani TUKI, walioitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, wako hapohapo unapopita kwenda kula chipsi, na hujawahi kugonga mlango ukauliza neno linaingiaje kwenye kamusi na nani anasema lisiingie.

Nawapa kisa kimoja. Kwenye maktaba kuna sehemu inaitwa East Africana, vitabu vyake haviazimwi, unasomea palepale. Humo kuna karatasi za Hans Cory, mtu wa Vienna aliyekuwa mtumishi wa serikali ya mkoloni, alizunguka sana Usukumani na kwa Wahaya akiandika mila, sheria za mirathi, nyimbo, kila kitu. Akaja binti mmoja mwaka wa tatu, mtu wa Magu, anasoma soshiolojia, shikamoo mzee, marahaba, ametumwa na sapavaiza wake na anaona kama anaonewa. Nikamletea boksi. Siku ya kwanza kapiga miayo. Siku ya pili nikamuona anasoma huku midomo inacheza, kumbe ni wimbo wa Kisukuma anaujua. Akatoka nje kumpigia bibi yake simu, akarudi anacheka mpaka machozi, bibi kamwambia huyo mzungu kakosea, hapo waliokuwa wanamuimbia walimficha maana! Afu bibi akamtajia maneno yenyewe. Yule mtoto akaandika ripoti yake ya mwisho kwa hiyo simu na hilo boksi. Ndo utafiti huo wajukuu zangu. Sijawahi kuona desa lenye bibi wa mtu ndani.

Siasa nayo itawaita, pale hewa yenyewe ni ya siasa, Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, kafundisha pale, Museveni kasoma pale. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kukataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu akawatimua zaidi ya 300 siku hiyohiyo, ila na yeye akajikata mshahara asilimia 20. Mimi siwaambii msiandamane, nawaambia mjue mnaandamania nini.

Bumu, yaani hela ya mkopo wa serikali. Hapa naongea kwa ufupi maana mtanichukia. Sio zawadi, ni deni, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi, kwaiyo simu ya wiki ya kwanza utailipa ukiwa na watoto wawili. Basi.

Na mkipata kitanda kwenye zile blok 20 za hosteli za Magufuli shukuruni, zinachukua watu 3,840 tu na mnaojaza fomu ni wengi zaidi ya hapo. Aliyepata ambebe mwenzie aliyekosa, walale wote chumba kimoja, tulikuwa tunajua tunanyamaza.

Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China ilifunguliwa 2018, watu 2,100 wanaweza kukaa kwa mkupuo, ina kiyoyozi, na mnaifahamu zaidi kwa hicho kiyoyozi na chaji ya simu. Sawa, chajini. Ila wiki hii ya kwanza, kabla foleni za usajili hazijawachosha, muulizeni aliyekaa mezani East Africana iko wapi. Akikuangalia vibaya mwambie mzee wa rafu kakutuma, atacheka, boksi utaletewa.