Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wakulima wa Viazi, Molo

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mwekahazina. Mauzo mnayajua kuliko mimi, maana ninyi ndio mliovutana na madalali barabarani. Mimi nitasema habari ya blaiti, ule ugonjwa unaoozesha majani ya viazi, kwa sababu ndiyo iliyotukosanisha mwaka huu.

Tulikubaliana tuache kupiga dawa kwa mazoea, tufuate vipimo vya hewa. Tulichukua kanuni ya Hutton, inayotumika Uingereza tangu 2017: siku mbili mfululizo joto lisishuke chini ya nyuzi 10, na unyevu hewani ufike asilimia 90 kwa saa sita au zaidi kila siku. Hali ikiwa hivyo, vimelea hupata majimaji ya kuotea kwenye jani. Dawa yetu, mankozebu, hukinga kabla havijaingia. Vikishaingia, unapaka jani rangi tu.

Kosa la kwanza: kipimo cha joto na unyevu tulikifunga chini ya mabati ya stoo. Bati likipata jua kinasoma hewa kavu, na hatua chache tu kutoka hapo, shambani, suruali inalowa umande hadi magotini. Sasa kiko ndani ya sanduku jeupe lenye matundu, juu ya nyasi.

Kosa la pili nalibeba mimi. Huku kwetu usiku hushuka chini ya nyuzi 10 mara nyingi, kwa hiyo kanuni ikanyamaza nami nisiwatumie ujumbe. Mwezi wa sita niligeuza jani la viazi vyangu vya aina ya Shangi nikakuta unga mweupe umezunguka doa jeusi. Waliopuuza ukimya wa simu yangu wakapiga dawa kwa mazoea walivuna kunishinda. Wamenicheka, na wana haki.

Lakini baridi ya alfajiri haiui blaiti. Mchana ukiwa wa ukungu na manyunyu, inaendelea na kazi yake. Mama mmoja wa upande wa Mau Summit amekuwa akiandika kwenye daftari la shule kila siku ukungu umeondoka saa ngapi. Wiki ambazo ukungu ulikaa hadi saa nne ndizo zilizotangulia madoa shambani kwake. Daftari hilo limenisaidia kuliko kile kipimo cha bei.

Kwa hiyo naomba msimu ujao tuhesabu saa za unyevu, tuachane na sharti la nyuzi 10, na anayeweza aandike saa ya ukungu kama yule mama. Kipimo cha pili, cha wenzetu wa chini kuelekea Elburgon, kiko kwenye ajenda ya tano. Mtapiga kura wenyewe.

Mwenyekiti